Mwaka Shangazi Alipoacha Kuonja

Tulipomzika shangazi Editha, waombolezaji wawili watatu walinisogelea kwa nyakati tofauti wakanipa pole ya aina moja. Pole sana Gaude, mama wa watu ameteseka, miaka yote hiyo kunyimwa chumvi. Mmoja aliyasema hayo ameshika sahani ya wali na maharage ya msibani, mafuta yanamng'aa midomoni. Niliitikia asante kwa sababu msibani mtu haanzishi ugomvi, lakini tangu siku hiyo maneno yale yamenikaa kooni. Shangazi hakunyimwa kitu. Alikula vizuri kuliko wote waliokuja kumzika, najua kwa kuwa nilikula naye, na kama lipo jambo moja maishani mwangu ninalojivunia bila haya, ni hilo. Nimesomesha watoto, nimejenga, nimeitwa mbele za watu nikapigiwa makofi. Yote hayo weka pembeni. Nitausimulia mwaka mmoja tu wa Ifakara, nilipokuwa binti wa miaka ishirini na kitu, ili mwenye pole yake ajue pa kuipeleka.

Mgahawa wake ulikuwa nyuma ya soko, mabati juu, mabanzi pembeni, na meza za kuwatosha madereva, wauza mpunga na walimu wasiopenda kupika. Mji mzima ulimwita Shangazi, hata wazee waliomzidi umri. Mimi na yeye tulilala chumba kimoja kilichopakana na jiko, kitanda chake upande huu, changu upande ule, na katikati magunia ya mchele yamepangwa hadi usawa wa dirisha, kwa hiyo usingizi wote wa mwaka ule naukumbuka kwa harufu ya mchele mpya. Alikuwa mnene, mwepesi wa miguu, mkali wa maneno, na heshima yake yote aliibeba kwenye kiganja cha mkono wa kushoto. Kila sufuria iliyofika pake aliichukulia mwiko, akadondosha mchuzi kiganjani, akalamba, akatazama juu kwenye mabati kama mtu anayesikiliza jambo. Kisha akatoa hukumu. "Bado." Au, "Funika." Sikuwahi kumsikia akiongeza neno la tatu. Sufuria aliionja inapoanza kuchemka, akaionja ikishaingia tui, akaionja tena kabla ya kupakua, na sufuria zilikuwa nyingi: maharage, supu, rosti, mchuzi wa samaki, mboga za majani. Zuhura, mwenzetu wa jikoni aliyetokea Kiberege, alikuwa akininong'oneza kwamba Shangazi hata maji ya kuoga angeyaonja kama yangekuwa na mwiko ndani.

Mvua za masika zilipoanza, miguu yake ikaanza kujaa. Alisema ni kusimama sana. Halafu viatu vikakataa kuingia, halafu akawa hawezi kulala chali, anakaa kitandani ameegemea magunia akiitafuta pumzi. Asubuhi moja tulimpandisha kwenye lori la Masanja, dereva wa mpunga aliyekuwa mteja wetu wa kila siku, tukampeleka hospitali, na huko akalazwa kwa muda mrefu. Daktari alikuwa kijana mpole aliyemwamkia shikamoo kabla ya kumgusa. Alimbonyeza mguu kwa dole gumba, shimo likabaki pale pale. Akatueleza kwamba moyo umechoka, hausukumi damu inavyotakiwa, maji yanabaki mwilini, na chumvi ndiyo inayoyashikilia yasitoke. Dawa angempa, ila dawa peke yake zisingeshinda.

"Kwa hiyo mama, chumvi basi."

"Nipunguze?"

"Uache. Iliyomo ndani ya vyakula vyenyewe inatosha. Ukirudi hapa maji yakiwa yameingia kwenye mapafu kama safari hii, sitaki kukudanganya, sijui kama nitakutoa."

"Mwanangu, mimi ni mpishi," Shangazi akasema, kwa sauti ambayo mtu mwingine angeitumia kusema mimi ni mama yako.

"Najua, mama," daktari akajibu. "Nimeshakula kwako mara nyingi."

Tuliporudi nyumbani nikaanza kumpikia, na siku za kwanza nilifanya kile ambacho karibu kila mtu hufanya: nilipika kama kawaida nikaacha kutia chumvi. Mchuzi ule ule, nyanya zile zile, pengo moja. Shangazi akamega tonge, akachovya, akatafuna polepole, kisha akasukuma sahani. "Gaude," akasema, "hiki chakula umekivua nguo." Akaomba chai. Lakini kilichonitia hofu zaidi hakikuwa ladha, kilikuwa ule ukaaji wake. Kwetu mtu mwenye sahani yake peke yake ni mgonjwa, au ni mtu aliyegombana na wenzake. Wateja wakishapungua, sisi wa jikoni tulikaa mkekani tukaizunguka sinia moja, na habari zote za mji zilichambuliwa hapo: nani ameoa, nani ameuza shamba, nani ameonekana akishuka kwenye basi la Mlimba na mizigo ya watu wawili. Sasa saa hiyo ikifika, yeye aliacha kazi za jikoni akabaki chumbani na kisufuria chake, anasikia tunavyocheka, anameza mara mbili tatu, anafunika. Mwili ulimkonda, miguu ikabaki minene. Niliona wazi kwamba chumvi ikimkosa, njaa itampata, na kwamba kati ya hizo mbili sijui ipi ingemaliza kazi mapema.

Siku moja, mkono wangu ukiwa umeshanawa, niliondoka kwenye sinia nikaingia chumbani nikakaa mbele ya kisufuria chake. Akauliza nimefuata nini.

"Nakula."

"Rudi kwa wenzako ukale chakula cha watu."

"Na hiki ni cha nani, shangazi?"

Tulikula, na kilikuwa kibaya kweli, sijaona sababu ya kukisifia leo. Lakini alikimaliza, kwa kuwa mtu hawezi kumwachia mwenzake sufuria aimalize peke yake. Tangu siku hiyo sikula tena chakula cha chumvi mwaka ule. Wala sikufanya hivyo kwa utakatifu. Nilikuwa na hasira. Nilijiambia kwamba kama hiki ndicho tutakachokula sote wawili, basi kitakuwa kitamu, hata kama nitalala jikoni.

Nesi wa kliniki ndiye aliyenifungulia mlango wa kwanza. Alinikalisha akanitajia ndugu zake chumvi, mmoja mmoja: viungo vya mchemraba vya dukani, dagaa na samaki waliokaushwa kwa chumvi, na magadi. Magadi yalinishtua. Sisi tulitia magadi kwenye maharage na kwenye mlenda ili vilainike, na wala hatukuyahesabu kuwa ni kiungo. Kwetu yalikuwa kama kuni, kitu cha kuivishia tu. Nikayaondoa yote. Maharage nikayaloweka tangu jioni na kuyachemsha taratibu mpaka yapasuke yenyewe. Mwalimu wangu wa pili alikuwa mgonjwa mwenyewe. Alikaa kwenye kigoda mlangoni mwa jiko, akaniona nikihangaika kukamulia ndimu kila kitu, akashindwa kuvumilia. "Acha kuitafuta chumvi," akaniambia. "Hiyo imeshaondoka, hairudi. Ukiwa unaitafuta, kila chakula kitakuonyesha mahali ambapo haipo. Tafuta kitu kingine cha kumfanya mtu arudishe mkono."

Maneno hayo nimeyarudia kwa watu wengi tangu hapo, na kila nikiyarudia namtaja mwenyewe. Tulianza upya, mimi nikipika, yeye akiamuru. Vitunguu tulivikaanga polepole hadi vikawa na rangi ya sukari iliyoungua, maana huko ndiko utamu wake ulikojificha. Karanga tulizichoma kwanza ndipo tukazitwanga, zisitwangwe mbichi. Kambale tulimnunua kwa wavuvi waliomkausha kwa moshi mtupu, bila kumpaka kitu, na moshi ule ulishika ulimi kiasi kwamba mtu alisahau alichokuwa anakidai. Nakumbuka sana sufuria ya kwanza iliyotii. Kambale wa moshi, tui zito, ngogwe, zile nyanya chungu, zilizopasuliwa kati, vipande vya embe bichi kwa ajili ya ukali, tangawizi, na pilipili mbuzi moja nzima iliyoelea bila kupasuka ili itoe harufu tu. Wali tuliupika kwa tui na hiliki. Shangazi alimega, akachovya, akatafuna, akatazama juu kwenye mabati. Kisha mkono wake ukarudi sahanini wenyewe, bila yeye kuutuma, akala hadi akaanza kutafuta mabaki kwenye mwiko. Zuhura alikuja kuchungulia, akaomba kuonja, akakaa chini. Kuanzia wiki ile sinia ilihamia kwetu. Tulikula sote chakula cha Shangazi, na mwenye kutaka chumvi alijinyunyizia upande wake. Wengi waliacha kujinyunyizia, si kwa kumhurumia mtu.

Ningependa kuishia hapa nijisifu, lakini miguu haikupungua. Ilishuka kidogo, ikapanda tena. Kliniki nesi yule yule akaniuliza, kwa upole ulionichoma zaidi ya ukali, nani anayempikia mama. Nikasema mimi. Akauliza kama kweli hakuna chumvi kabisa. Nikasema hata chembe. Shangazi akadakia kwamba anaapa mbele ya Mungu hajala chumvi tangu alipotoka wodini, na uso wake ulikuwa wa mtu anayesema kweli. Nesi alitutazama kwa zamu, akaandika alichoandika. Nilirudi nyumbani nikilia kwa hasira. Nilijua nilichoweka sufuriani, na bado mtu wangu alikuwa anajaa maji mbele ya macho yangu, na usiku nilimsikia ameanza tena kuegemea magunia.

Jibu lilitoka kwa Masanja, na hadi leo hajui kama alinijibu. Alikuwa ameketi na mwenzake wakisubiri chakula, mimi niko nyuma yao napanga sahani. Mwenzake akauliza mbona huyu mama hajawahi kumwona akila.

"Ale nini tena?" Masanja akasema. "Yule mchana ukifika ameshashiba kwa kiganja. Sisi wengine huwa tunamalizia."

Wakacheka. Mimi nikaweka sahani chini nikaenda kusimama mlangoni mwa jiko. Shangazi alikuwa kwenye sufuria ya supu, mwiko mkono wa kulia, kiganja cha kushoto kimekunjuka. Akadondosha, akalamba, akatazama juu. "Bado." Akaongeza chumvi. Akaonja tena. Akahamia kwenye rosti. Nilikuwa nimemwona akifanya hivyo kila siku ya Mungu, na ndiyo sababu sikuwa nimeona.

Kesho yake nilichukua bakuli. Kila alipoonja, nilimpita nyuma nikachota kiasi kile kile kutoka sufuria ile ile nikatia ndani ya bakuli langu, asubuhi hadi wateja wa mchana walipomalizika. Kisha nikamwekea mbele yake. Lilikuwa karibu kujaa: supu, tui, maji ya maharage, mafuta ya rosti yanaelea juu.

"Hiki nini?"

"Mchuzi."

"Wa nani?"

"Wako, shangazi. Ndio uliokula leo."

"Mimi sijala. Nimeonja."

Zuhura akaacha kuosha vyombo. Shangazi akaliinamisha bakuli kidogo, akaona linavyotaka kumwagika. Naamini hakuwa amedanganya katika kiapo chake hata kidogo. Kwa mpishi wa kwetu kuonja ni sehemu ya mkono, ni kama kupuliza moto au kufuta jasho, hakuna mtu anayeenda kliniki kusema leo nimepuliza moto mara kadhaa. Hatimaye akasema kwa sauti ndogo ambayo sikuwa nimewahi kuisikia kwake, "Sasa nikiacha kuonja, hapa mimi nitakuwa nani?"

Zuhura ndiye aliyejaribu kumwokoa. Alisema kwao mwezi wa Ramadhani wapishi hawaachi kupika, na mwenye shida ya kujua chumvi anagusisha kwa ncha ya ulimi kisha anatema, na funga yake inabaki salama. Shangazi afanye hivyo hivyo. Shangazi alimgeukia kama ametukanwa. "Niteme chakula changu? Mteja akiniona natema mchuzi nilioupika mwenyewe, kesho atarudi hapa kufuata nini?" Zuhura akacheka hadi akakaa chini, na mimi nikacheka, na Shangazi mwenyewe mdomo ukamcheza. Lakini hakukubali, na nilimwelewa. Zuhura alipopata pumzi akasema, "Basi aonje Gaude." Hapo hakuna aliyecheka tena. Shangazi aliniangalia juu hadi chini kama anaangalia mbuzi wa kununua. "Njoo asubuhi," akasema. Nilikuwa nalala chumba kimoja naye, lakini nilielewa ana maana gani.

Asubuhi ile na nyingi zilizofuata alisimama pembeni yangu ameshika kitambaa kwenye mkono wa kushoto, amekikunja ngumi, kwa sababu mkono ule ukiachwa mtupu ulikunjuka wenyewe. Mimi nilidondosha, nikalamba, nikamwambia. Alinihoji kama mahakamani. Ukali umekupiga mbele ya ulimi au pembeni? Tui limelala au bado linapigana na nyanya? Unasikia kitunguu kwanza au mwisho? Nisipojua alisema onja tena, na mara nyingine alinusa mvuke akaniambia mwenyewe jibu. Miguu yake ilianza kupungua. Siku alipovaa viatu vyake vya kanisani vikaingia, alitembea kutoka kitandani hadi mlangoni na kurudi, akasema "Haya," basi. Mimi nilitoka nje kwenda kulia nyuma ya choo, maana mbele yake ningetukanwa.

Halafu, nilipokuwa nimeanza kujiona fundi, wateja wakaanza kuomba chumvi. Mwanzoni alikuwa Masanja peke yake. "Binti, leo chumvi mmeisahau sokoni?" Kesho yake walimu. Keshokutwa meza nzima. Niliposema mbona imetosha, Zuhura akaonja akakunja uso akasema haipo kabisa. Nikaelewa polepole kilichotokea, na nikaogopa. Ulimi wangu ulikuwa umegeuka. Kwa kula na Shangazi miezi yote ile, nilichokiona kimekolea, kwa watu wengine kilikuwa maji. Na kile walichokiita kitamu, kwangu kilikuwa ukali wa kuumiza. Shangazi alisikia yote akiwa kwenye kigoda chake. Hakunilaumu. Alikunjua kile kitambaa mkononi, akakitandaza gotini, akasema bila hasira, "Kesho nitaonja mwenyewe. Jina la mgahawa likifa, na mimi nitakuwa naishi kwa ajili gani?"

Njia rahisi ilikuwepo, na Zuhura aliitaja: nirudi kula chumvi, ulimi utarudi. Lakini hapo ningemwachia Shangazi kisufuria chake peke yake, na nilikuwa nimeona mwisho wake. Na kumpa Zuhura kazi hiyo? Nilimwomba. Akasema yeye ni wa chapati, hawezi kusimama mahakamani kila asubuhi. Nilimwomba Shangazi anipe siku chache tu kabla hajaonja. Zuhura akanisaidia kwa jambo moja: sufuria akiikubali yeye, na mimi niilambe, nikumbuke ilivyoniuma. Hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo naliona kuwa elimu yangu kubwa kuliko ile ya darasani. Niliacha kujiuliza kama chakula ni kitamu kwangu. Nilijiuliza kama kimefika pale walipo wao. Supu iliyowafurahisha madereva iliniwasha pembeni mwa ulimi karibu na magego, rosti ilinibana kooni kidogo, maharage yalitakiwa kunifanya nitamani maji. Nikazishika alama hizo moja moja. Nilionja kwa ajili ya midomo ya watu wengine, kisha nikaenda kula changu na Shangazi, nikakifurahia. Masanja akaacha kuomba chumvi. Kitambaa kikarudi mkononi.

Mwaka ulikuwa unaelekea ukingoni tulipoitwa Idete. Kijana wa kule alikuwa amepewa upadre, na misa yake ya shukrani ingefanyika kijijini kwao, na kwa sherehe ya namna hiyo katika bonde lote mpishi mkuu alikuwa mmoja tu. Mafiga yalipangwa nyuma ya kanisa, ng'ombe walikuwa wameshachinjwa, akina mama wa parokia wamejaa na visu vyao, wengine wametoka upande wa Mahenge kwa ajili ya siku hiyo. Shangazi alitawala akiwa amekaa kitini, amevaa viatu. Mimi nilikuwa nimembebea sufuria yetu ndogo na kambale wetu. Kila kitu kilikwenda vizuri hadi tulipofika kwenye pilau. Anayepika pilau anajua kwamba kuna dakika moja tu ya kweli: nyama imeiva, viungo vimeingia, maji yanachemka, na mchele bado uko nje. Hapo huonjwa. Mchele ukishaingia hakuna tena anayeweza kuongeza wala kupunguza kitu, utakachopata ndicho umati utakachokula.

Mama mmoja mtu mzima, mpishi anayeheshimika wa pale pale Idete, alionja akasema chumvi imetosha. Akachota kwenye mwiko, akamletea Shangazi kwa heshima. "Shangazi, hakikisha." Niliuona mkono wa kushoto ukifunguka, kitambaa kikadondoka mapajani. Kisha ukafungwa.

"Gaude," akaita.

Nilikwenda nikadondosha kiganjani mwangu, nikalamba. Kwenye ulimi wangu mimi chumvi ilikuwa kali tayari, ya kumtosha mtu yeyote. Lakini haikuwa imefika karibu na magego, na maji yale yalikuwa ya kupokea mchele mwingi mno, ambao ungeimeza chumvi yote. "Bado," nikasema.

"Imetosha, binti," yule mama akasema, si kwa ubaya. "Mimi nimeonja sasa hivi."

"Bado, mama."

Minong'ono ikaanza. Tone moja kwenye ulimi wa Shangazi lingemaliza kesi ile, na pengine tone moja lisingemuua, nilijua na yeye alijua. Akaniangalia machoni, akaacha kabisa kuutazama mwiko. "Mmesikia," akasema. "Amesema bado. Ongezeni." Nikaongeza, nikaonja, nikaongeza tena kidogo. "Funika," nikasema, na ilikuwa mara ya kwanza neno hilo kutoka mdomoni mwangu mbele ya watu. Mchele ukaingia.

Kati ya hapo na kupakua sikuweza kukaa. Nilikwenda nikarudi, nikageuza makaa juu ya mifuniko bila sababu. Kisha sahani zikatoka, na nikawa nasikiliza kutoka nyuma ya ukuta wa kanisa. Umati unaolalamika hupiga kelele. Wa Idete ulinyamaza, nikasikia kwanza vijiko tu, halafu watoto wanatumwa kuongezewa. Yule mama aliyenipinga alipita karibu yangu na sahani yake mwenyewe, akanigusa bega, akaendelea kula.

Mwishoni mshereheshaji akamwita mpishi mkuu mbele apokee vitenge, kama ilivyo desturi, na kipaza sauti akapewa aseme neno. Shangazi alisimama pale akiwa amevaa viatu vyake, miguu imekauka, padri mpya upande mmoja, wazazi wake upande mwingine. Alishukuru. Halafu akasema, "Lakini mniwie radhi. Mpishi ni yule aliyeonja. Mimi pilau mliyokula sijaionja. Nyama sijaonja, mboga sijaonja. Tangu nimeanza kazi hii sijawahi kuwapa watu chakula nisichokijua ladha yake. Leo nimewapa, kwa sababu yupo aliyeijua, na mimi namwamini kuliko ulimi wangu." Najua uwanjani pale walikuwepo wapishi waliomwonea wivu miaka mingi, na alikuwa amewapa silaha kwa mkono wake mwenyewe. "Gaudensia. Njoo uchukue vitenge vyako."

Nilipita katikati ya watu nikinuka moshi, aproni ina mafuta, sijui pa kuweka mikono. Nilipomfikia, vigelegele vikiwa vimeanza, nilianza kupiga goti kama binti anavyopokea kitu kutoka kwa mkubwa wake. Akanishika kiwiko akaninyanyua kabla halijagusa ardhi.

"Leo usipige goti," akaniambia chinichini, nje ya kipaza sauti. "Wapishi wakuu tunapokea tumesimama."

Nikapokea nimesimama.